Tundu la Pili

Nesi Dhahabu hakunipa dawa mpya.
Alivuta droo, akatoa kinanda cha mdomo,
matundu kumi, bati limechubuka ubavuni,
akasema: asubuhi robo saa, jioni robo saa.
Nikamwambia, mwanangu, nimekata mawe Maweni
miaka thelathini na mmoja. Nina wajukuu.
Akasema: ndiyo maana.

Nyumbani Zuwena alikinusa kwanza.
"Kina ladha gani?"
Ya sarafu, nikasema, sarafu ya kutumwa dukani
uliyoificha shavuni ili isipotee.

Siku ya kwanza nilipuliza matundu manne kwa mpigo.
Punda akaitika kichochoroni.
Mtoto wa jirani akaja dirishani kuuliza
ni nani amekanyagwa.

Funga midomo kama unayepiga ubinja, nesi alisema.
Lakini ubinja ulinitoka pamoja na jino la mbele
mwaka lile jiwe liliporuka.
Ikabidi ulimi ujifunze kazi ya jino.
Mate yalinichuruzika hadi kidevuni,
midomo ikapasuka, nikaipaka mafuta ya nazi,
na kinanda kikateleza.

Wiki ya tatu nikalipata la nne, peke yake.
Sauti moja, safi.
Nikabaki nimeishika kama mtu aliyemkamata kuku gizani
na sasa hajui amfanye nini.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia:
kitu hiki hulia ukipuliza,
na ukivuta, hulia pia.
Zumari haifanyi hivyo.
Siwa ile ya makumbusho, kwa fahari yake yote, haifanyi hivyo.
Mimi ambaye kuvuta pumzi kwangu ni kupanda ngazi na gunia,
napewa sauti kwa kuvuta tu!

Isipokuwa tundu la pili.
Ukilipuliza, linasema.
Ukilivuta, linakoroma, linakabwa, linanyamaza.
Nikajua ni mapafu. Vumbi la chokaa limelala huko chini
na tundu la pili limelifikia.
Kisha nikatumaini ni kinanda,
nikakipeleka Langoni kwa Famau fundi redio.
Akafungua skrubu ndogo kama punje za mtama,
akazianika ndimi za shaba juu ya gazeti,
akazigusa moja moja kwa kijiti.
"Kizima," akasema. "Hebu vuta nikuone."
Nikavuta.
"Mzee, wewe unang'oa jiwe."

Nilirudi nimekasirika.
Maweni hakuna aliyenilipa kwa ulaini.

Usiku ule joto lilitutoa chumbani, tukalala darini.
Kifua changu kilianza ubinja wake,
ule ambao sikuuomba wala kuufanyia mazoezi,
tundu la kumi na moja.
Kinanda kilikuwa mdomoni, nimekisahau,
nusu ya usingizi, nikavuta pumzi ya kawaida,
pumzi ya mtu asiyetaka kitu,
na tundu la pili likafunguka.
Sauti nene, ya chini,
kama mtu anayekubali jambo katika chumba cha pili.

Zuwena hakugeuka.
Miaka sita amelala na sikio moja kifuani mwangu,
anaijua kila sauti ya mle,
ya kuamsha watu na ya kungoja kukuche.
"Hiyo siijui," akasema.
Nikairudia. Haikuja.
Nikairudia tena.

Wimbo bado sina hata mmoja.
Jumanne nesi aliniuliza habari ya ngazi.
Zamani nilipumzika mara tatu, nikamwambia, sasa mara moja.
Akaandika kwenye kadi.
Sikumwambia kwamba hiyo moja ningeweza kuipita.
Nafika pale katikati, naegemea ukuta,
mawe ambayo huenda niliyakata mimi,
na mkono unaingia mfukoni.